Mkoa tajiri, wilaya maskini: namna maendeleo ya mikoa yanavyopimwa Polandi baada ya Ukomunisti

Szydłowiec ni mji mdogo ulioko kusini mwa Warsaw, mji mkuu wa Polandi, mwendo wa zaidi ya kilomita 100. Wanaoufahamu huutaja kwa sababu ya mawe yake ya mchanga, yanayochimbwa huko tangu zamani kwa ajili ya ujenzi. Sisi tumeufahamu kwa sababu nyingine. Kwa miaka mingi wilaya yenye jina la mji huo imekuwa ikiongoza Polandi nzima kwa ukosefu wa ajira. Mwaka 2013 zaidi ya theluthi moja ya nguvu kazi yake ilikuwa imeandikishwa kuwa haina kazi. Na wilaya hiyo hiyo, katika vitabu vya Umoja wa Ulaya, ilikuwa sehemu ya Mazowieckie, mkoa tajiri kuliko mikoa yote 16 ya nchi. Mwaka uliofuata, yaani 2014, Mazowieckie ikaingizwa rasmi katika kundi la mikoa "iliyoendelea zaidi", na hivyo ikatoka katika orodha ya mikoa inayopewa kipaumbele cha misaada. Szydłowiec ikatoka pamoja nayo.

Hakuna aliyeghushi takwimu. Zote mbili ni sahihi, na zote mbili zimetolewa na wataalamu wanaoijua kazi yao. Katika makala haya tunajaribu kueleza inakuwaje mahali pamoja paitwe tajiri na maskini kwa wakati mmoja, na kwa nini jambo hili limekuwa zito hasa katika nchi zilizotoka katika Ukomunisti baada ya mwaka 1989. Tutakaa zaidi Polandi, kwa kuwa ndiyo nchi kubwa kuliko zote zilizotoka huko na kuingia Umoja wa Ulaya, na ndiyo iliyopokea fedha nyingi kuliko nyingine kwa sababu ya takwimu hizi.

Kwanza kipimo chenyewe. Pato la mkoa ni thamani ya bidhaa na huduma zote zilizozalishwa ndani ya mipaka ya mkoa kwa mwaka mmoja, baada ya kuondoa thamani ya vitu vilivyotumika kuzizalisha. Ukiligawa kwa idadi ya wakazi unapata wastani wa pato kwa kila mtu. Msomaji aone mapema kwamba hapo hatujasema lolote juu ya fedha zilizomo mfukoni mwa mkazi. Tumesema tu kilichozalishwa, mahali kilipozalishwa, na idadi ya watu tuliowagawia kwenye karatasi.

Mhadhiri asiyezalisha kitu

Kabla ya mwaka 1989, Polandi na nchi nyingine zilizokuwa chini ya mfumo wa Kisovyeti hazikutumia hesabu hiyo. Zilitumia hesabu ya pato la vitu. Kilichohesabiwa ni kile kilichotoka viwandani, migodini, mashambani na kwenye ujenzi, pamoja na usafirishaji wa mizigo na biashara ya bidhaa hizo. Daktari, mwalimu, karani wa benki na kinyozi hawakuhesabiwa kuwa wanazalisha. Itikadi ilifundisha kwamba kazi zao hazizai thamani mpya bali zinakula thamani iliyozalishwa na wengine. Hospitali iliyotibu maelfu ya wagonjwa ilionekana katika hesabu kama mlaji tu.

Mji wa Lublin, mashariki mwa nchi, una Chuo Kikuu cha Kikatoliki kilichoendelea kufundisha miaka yote ya Ukomunisti. Padre Karol Wojtyła, ambaye baadaye alikuwa Papa Yohane Paulo II, alifundisha maadili hapo kuanzia mwaka 1954. Kwa hesabu ya wakati ule, mihadhara yake iliongeza sifuri katika pato la taifa, wakati gunia la makaa ya mawe kutoka Silesia liliongeza kitu. Tunacheka kidogo, lakini matokeo yake hayakuwa ya kuchekesha. Mikoa ya migodi na vinu vya chuma iling'ara kwenye ripoti na kupewa zaidi. Mikoa iliyoishi kwa shule, hospitali, masoko na ufundi mdogo ilionekana imelala.

Tena bei zenyewe zilipangwa ofisini. Thamani ya kitu haikutokana na mtu kukubali kukinunua, bali na mpangaji kuandika kwamba kina thamani fulani. Kiwanda kilichopimwa kwa tani kilipenda kutengeneza vitu vizito, hata kama mnunuzi alihitaji vyepesi.

Mageuzi yalianza Polandi tarehe 1 Januari 1990, chini ya waziri wa fedha Leszek Balcerowicz. Bei zikaachiwa, ruzuku zikakatwa, mipaka ikafunguliwa kwa bidhaa za nje. Takwimu rasmi za wakati ule zilionyesha pato la taifa likishuka kwa zaidi ya asilimia 10 mwaka huo, na kwa karibu asilimia 7 tena mwaka 1991. Sehemu ya anguko hilo ilikuwa ya kweli kabisa. Viwanda vya nguo vya Łódź vilivyokuwa vikiuza Urusi vilikosa wateja, na migodi ya makaa ya Wałbrzych ilifungwa yote katika muongo huo. Lakini rula ilikuwa inabadilishwa wakati huohuo ikiendelea kupima. Ofisi ya takwimu ilizoea kupokea taarifa kutoka mashirika ya serikali yaliyokuwa na wahasibu na fomu. Ghafla biashara ikahamia kwenye meza za kandokando ya barabara, vitanda vya kukunja na buti za magari, kwa watu ambao hawakuwa na fomu wala nia ya kuijaza. Huko Wałbrzych wachimbaji walioachishwa kazi walichimba mashimo yao wenyewe msituni, wakatoa makaa kwa ndoo na kuyauza kwa magunia. Wenyeji waliyaita mashimo ya umaskini. Ofisi ya takwimu isingeweza kuyaona vizuri makaa hayo.

Kuna na suala la foleni. Chini ya mfumo wa zamani nyama ilikuwa na bei ndogo, lakini haikuwepo dukani. Mama alisimama saa nyingi na pengine akarudi mikono mitupu. Baada ya mageuzi nyama ilikuwepo, kwa bei kubwa. Takwimu ziliona bei imepanda na ununuzi umepungua. Hazikuona saa zilizookolewa, kwa kuwa saa za kusimama kwenye foleni hazikuwahi kuandikwa popote. Kwa sababu hiyo wachumi kadhaa walisema tangu mwanzo kwamba anguko halikuwa kubwa kama lilivyoandikwa.

Watafiti wengine wakaamua kuangalia umeme, wakisema kiwanda kinachomkwepa mtoza kodi hakiwezi kukwepa mita. Wazo ni zuri, ila nalo lina shimo lake. Tanuri la chuma likizimwa, umeme hushuka sana. Ofisi tano zikifunguliwa mahali pake, umeme hupanda kidogo tu, hata kama zinalipa mishahara mizuri. Kwa hiyo kipimo hiki kiliionea mikoa ya viwanda vizito. Na mwaka 1999 Polandi ikapunguza mikoa yake kutoka 49 hadi 16, kwa hiyo mfululizo wa zamani ukabidi kukatwa na kushonwa upya. Maoni yetu ni kwamba, kuhusu miaka ile ya mwanzo, mtu akikuambia mkoa fulani ulikua kwa asilimia kadhaa na nukta kadhaa kuupita mwingine, umsikilize kwa heshima lakini usijenge juu yake.

Nani hasa ni maskini?

Tuchukue mwisho wa mwaka 2003, miezi michache kabla Polandi haijaingia Umoja wa Ulaya tarehe 1 Mei 2004. Kwa nchi nzima, mtu mmoja kati ya watano katika nguvu kazi alikuwa ameandikishwa kuwa hana kazi. Katika mkoa wa Warmińsko-Mazurskie, kaskazini, kiwango kilikuwa karibu asilimia 30. Katika mkoa wa Lubelskie, mashariki, kilikuwa chini ya wastani wa taifa. Mwenye kushika takwimu hii peke yake atapeleka msaada kaskazini. Lakini akifungua ukurasa wa pato kwa kila mtu, Lubelskie iko mkiani pamoja na jirani yake Podkarpackie, na Warmińsko-Mazurskie iko juu yao. Sasa atapeleka mashariki.

Jibu la fumbo hili limo ardhini. Kaskazini hapo kulikuwa sehemu ya Ujerumani hadi Vita Kuu ya Pili. Baada ya vita Wajerumani waliondoka au waliondolewa, na serikali ya kikomunisti ikaanzisha mashamba makubwa ya dola juu ya ardhi iliyoachwa. Wafanyakazi waliletwa, wakajengewa majengo ya ghorofa katikati ya mashamba, wakapewa mishahara. Hawakuwa na ardhi yao. Mashariki, kinyume chake, wakulima walikuwa wa tangu enzi na enzi, wenye vipande vyao vidogo, na walikataa kwa ukaidi kuingizwa katika mashamba ya pamoja. Baada ya mwaka 1956 serikali iliacha kuwashurutisha. Ndiyo maana Polandi, tofauti na majirani zake wengi, ilibaki na sehemu kubwa ya ardhi ya kilimo mikononi mwa wakulima binafsi muda wote wa Ukomunisti.

Mashamba ya dola yalipofungwa mwanzoni mwa miaka ya 1990, mfanyakazi wa kaskazini alibaki na chumba chake cha ghorofa katikati ya pori, bila basi la kumpeleka mjini, bila shamba. Akaenda kujiandikisha kuwa hana kazi. Kijana wa Lubelskie aliyefukuzwa kiwandani alirudi kwenye shamba la baba. Na sheria ya Polandi ya wakati ule ilisema kwamba mwenye shamba linalozidi hekta 2, kwa hesabu inayozingatia ubora wa udongo, hakuweza kuandikishwa kuwa hana ajira. Yeye ni mkulima. Hata kama shamba lile lingeweza kulimwa na mtu mmoja, na sasa wamo wanne, wote wana kazi mbele ya sheria.

Kwa hiyo takwimu ya ajira ilihesabu umaskini wa kaskazini, ambao ulikuwa wazi, na ikaufunika wa mashariki. Takwimu ya pato iliuona wa mashariki, kwa kuwa mikono minne kwenye hekta nne huzalisha kidogo kwa kila mkono. Hakuna kati ya hizo mbili iliyokosea. Kila moja ilikuwa ikijibu swali lake, na umasikini wa kila mkoa ulikuwa umetengenezwa na historia yake kabla hajatokea mtu wa kuupima.

Mtakatifu Yohane Paulo II, katika waraka wake *Sollicitudo Rei Socialis* wa mwaka 1987, miaka miwili kabla ya Ukomunisti kuanguka nchini mwake, alikataa kuyapima maendeleo kwa uchumi peke yake. Miongoni mwa dalili za maendeleo duni alizozitaja ni ukosefu wa makazi na ukosefu wa kazi, akaeleza kwamba dalili hizo zinakutwa hata katika nchi zinazoitwa zilizoendelea. Tunautaja kwa sababu alizungumzia dalili, kwa wingi. Mkulima wa Lubelskie na mfanyakazi wa shamba la dola wangepotea, mmoja baada ya mwingine, kama tungetumia dalili moja.

Wanaoondoka

Tufanye hesabu ndogo. Wilaya ina watu 100 na inazalisha vitu vya thamani ya 1,000. Wastani ni 10 kwa kila mtu. Vijana 20 wanaondoka kutafuta kazi ng'ambo, na uzalishaji unashuka hadi 900. Wastani sasa ni 11.25. Ripoti itasema pato kwa kila mtu limekua kwa asilimia 12.5. Ni kweli limekua. Na shule inafungwa darasa.

Jambo hili si la darasani tu. Bulgaria ilikuwa na watu karibu milioni 9 mwaka 1989. Sensa ya mwaka 2021 iliwakuta milioni 6.5. Eneo lake la kaskazini-magharibi, kandokando ya mto Danube, ndilo lililokuwa maskini kuliko maeneo yote ya Umoja wa Ulaya katika takwimu za mwaka 2016, likiwa na asilimia 29 ya wastani wa Umoja huo. Na hata hiyo 29 inahitaji kufunguliwa ndani yake, kwa sababu eneo hilo lina kinu cha nyuklia cha Kozloduy, kinachozalisha umeme kwa ajili ya nchi nzima. Thamani ya umeme ule inaandikwa Vratsa, kilipo kinu, kwa hiyo Vratsa inaonekana ina nafuu kuliko Vidin, iliyo katika eneo hilo hilo. Bibi anayeishi Vratsa kwa pensheni yake hana habari kwamba amekuwa tajiri kumpita mwenzake wa Vidin.

Polandi nayo, baada ya mwaka 2004, Uingereza, Ireland na Uswidi zilipofungua soko la ajira mara moja, iliona watu wake wakiondoka kwa wingi. Ofisi ya taifa ya takwimu ilikadiria kwamba mwishoni mwa mwaka 2007 zaidi ya milioni 2 walikuwa wakiishi nje kwa muda. Lakini hapa hesabu yetu ndogo inageuka. Wengi hawakujiondoa katika daftari la wakazi nyumbani. Mkoa wa Opolskie, kusini, unajulikana kwa hili: wenyeji wengi wana asili ya Kijerumani, wakapata pasipoti za Ujerumani na kwenda kufanya kazi huko hata kabla ya Umoja wa Ulaya, huku majina yao yakibaki Opole. Pato la mkoa likagawiwa watu ambao hawapo. Wastani ukaonekana mdogo kuliko ulivyo. Sensa inapowaondoa, wastani unapanda, na hakuna kilichobadilika isipokuwa orodha.

Wapolandi wana desturi iitwayo *kolęda*. Baada ya Noeli padre huzunguka nyumba kwa nyumba, husali na familia, hubariki, hukaa kidogo na kuulizia habari. Paroko wa kijiji cha Opolskie aliyekuwa akifanya ziara hiyo kila mwaka alijua ni mlango upi haufunguliwi tena, na ni nyumba ipi amebaki babu na wajukuu wawili. Alichokijua kwa macho kilichukua miaka kufika kwenye jedwali.

Mstari unaochorwa

Sasa turudi Szydłowiec.

Umoja wa Ulaya hugawa sehemu kubwa ya fedha zake za mshikamano kwa kutumia mstari mmoja. Mkoa ambao pato lake kwa kila mtu, likirekebishwa kwa tofauti za bei, liko chini ya asilimia 75 ya wastani wa Umoja, unahesabiwa kuwa umebaki nyuma na unapewa kipaumbele. Ukivuka mstari, kipaumbele kinapungua. Katika kipindi cha 2007 hadi 2013 Polandi ilitengewa kama euro bilioni 67, zaidi ya nchi nyingine yoyote. Barabara, mifumo ya maji safi na majitaka, reli, vyuo: vingi vilijengwa kwa fedha hizo. Kwa hiyo nukta chache juu au chini ya 75 si mchezo wa wataalamu.

Mstari wenyewe husogea. Nchi 10 zilipoingia mwaka 2004, nyingi zikiwa zimetoka katika Ukomunisti, wastani wa Umoja mzima ulishuka kwa sababu wageni walikuwa maskini. Maeneo ya Leipzig na Halle, yaliyokuwa Ujerumani Mashariki, yakajikuta yamevuka asilimia 75 bila kuzalisha hata senti moja zaidi. Yalikuwa tajiri kwa kuwa jirani mpya ni maskini zaidi. Yakapewa msaada wa mpito ili yasiachwe ghafla.

Marekebisho ya bei nayo yana lake. Eurostat, ofisi ya takwimu ya Umoja wa Ulaya, hutumia kiwango kimoja cha bei kwa nchi nzima. Kodi ya chumba Warsaw na kodi ya chumba kijijini Podkarpackie vinachukuliwa kana kwamba ni sawa. Hivyo Warsaw inaonekana tajiri zaidi kidogo kuliko ilivyo, na Podkarpackie maskini zaidi kidogo kuliko ilivyo.

Lakini tatizo la Szydłowiec halikuwa bei, lilikuwa Warsaw. Pato huhesabiwa kazi inapofanyika. Mtu anayelala mji wa jirani na kupanda treni alfajiri kwenda ofisini Warsaw huongeza pato la Warsaw, lakini huhesabiwa mkazi wa kwao. Ni kama mtu anayeishi Kibaha na kufanya kazi Dar es Salaam: kazi yake inaandikwa Dar es Salaam, ugali wake unaliwa Pwani. Mfano uliokithiri ulikuwa London, ambako eneo la katikati upande wa magharibi lilifikia asilimia 611 ya wastani wa Umoja wa Ulaya mwaka 2016. Si kwamba kila mkazi wa pale ana mali mara sita ya Mzungu wa kawaida. Watu huja kuzalisha na kuondoka jioni.

Polandi ina mfano mwingine wa kijijini. Kleszczów, katika mkoa wa Łódź, ni halmashauri ya watu elfu chache tu, lakini ndani yake umo mgodi wa makaa wa Bełchatów pamoja na kituo kikubwa cha umeme. Kwa mapato ya kodi kwa kila mkazi imekuwa ya kwanza Polandi mwaka hata mwaka. Wafanyakazi wengi hutoka halmashauri za jirani, na umeme hutumika nchi nzima.

Katika nchi zilizotoka katika Ukomunisti miji mikuu ilikimbia mbele kuliko sehemu nyingine zote. Benki za kigeni, makao ya makampuni, simu, matangazo, sheria na uhasibu, kazi zile zile ambazo mfumo wa zamani haukuzihesabu, vyote vilikaa Warsaw, Budapest, Bratislava, Praha na Vilnius. Mazowieckie ni mkoa mkubwa kuliko yote Polandi kwa eneo. Ndani yake mna Warsaw na viunga vyake, halafu kuna Radom, mji wa viwanda vya silaha na viatu ambao mageuzi yaliupiga vibaya, kuna mashamba ya Ostrołęka na Siedlce, na kuna Szydłowiec. Ukijumlisha na kugawa, Warsaw inawavuta wote juu ya mstari. Mkazi wa Szydłowiec hakupata mshahara wa Warsaw. Alipata wastani wake.

Msomaji anaweza kuuliza, kwa nini basi wasitumie kipimo kingine? Vipo. Kuna mapato ya kaya yaliyobaki mkononi baada ya kodi na pamoja na pensheni, na tofauti kati ya mikoa ya Polandi kwa kipimo hicho ni ndogo kuliko zinavyoonekana kwenye pato. Kuna tafiti zinazouliza watu wenyewe, kama ule unaofanywa tangu mwaka 2006 na Benki ya Ulaya ya Ujenzi na Maendeleo pamoja na Benki ya Dunia katika nchi za mpito. Kuna hata picha za satelaiti zinazopima taa za usiku. Sisi, kama tungeulizwa, tungeweka mapato ya kaya pembeni ya pato la mkoa kila mara, pamoja na idadi ya watu waliobaki. Lakini tunaelewa pia kwa nini Brussels imeng'ang'ania kipimo kimoja. Pato linahesabiwa kwa kanuni zile zile kutoka Ureno hadi Estonia. Ukiruhusu kila nchi ichague kipimo, kila moja itachagua kile kinachoionyesha ikiwa na njaa.

Basi badala ya kubadilisha kipimo, walibadilisha mpaka. Tangu tarehe 1 Januari 2018, katika ramani ya takwimu ya Umoja wa Ulaya, Mazowieckie imekatwa vipande viwili: Warsaw na wilaya zinazoizunguka upande mmoja, na sehemu iliyobaki upande wa pili. Hungaria ilifanya vivyo hivyo ikaitenga Budapest, na Lithuania ikaitenga Vilnius. Kwa kipindi cha 2021 hadi 2027 Warsaw imebaki katika kundi la walioendelea zaidi, na sehemu iliyobaki, yenye Radom na Szydłowiec, imerudi katika kundi la waliobaki nyuma. Kiutawala hakuna kilichogawanywa: mkoa ni mmoja, bunge lake ni moja, makao yake yako Warsaw. Mstari upo kwenye jedwali peke yake, lakini fedha zinaufuata.

Kipande hicho cha pili nacho kina Płock ndani yake, mji wenye kiwanda kikubwa cha kusafisha mafuta kuliko vyote nchini. Thamani ya petroli na dizeli inayotoka pale inaandikwa humo humo, na kugawiwa kwa wastani hadi kwa mkazi wa Szydłowiec, upande wa pili kabisa wa mkoa.